Tetere Aliyezoeleka

Katika viwanja vya nyuma ya nyumba huko Marekani na Kanada, mamilioni ya watu hutundika vilishio vya ndege: vibomba vilivyojazwa mbegu za alizeti, visahani vya nafaka, vitundu vya shahamu ya ng'ombe. Wanapokaa dirishani na darubini mkononi, wengi wao huwa wanamngojea ndege wa fahari: kardinali mwekundu, kigong'ota mwenye madoadoa, au mgeni aliyepotea njia akiwa safarini. Wakati huohuo, chini ya kilishio, hutembea ndege wa rangi ya udongo, mkia mrefu uliochongoka, kichwa kidogo juu ya mwili ulionona. Huyu hatazamwi. Ni tetere wa Amerika Kaskazini, Zenaida macroura kwa jina la kitaalamu, ambaye wenyeji humwita tetere mwombolezaji kwa sababu ya mlio wake wa majonzi. Wenye nyumba humhesabu kuwa mlaji anayemaliza nafaka za wenzake, na wapenzi wa ndege humwandika mwishoni mwa orodha, kama humwandika kabisa. Hoja ya makala hii ni kwamba wamekosea mpangilio. Ndege wa kawaida anafaa kutazamwa kuliko ndege adimu. Adimu humpa mtazamaji furaha ya dakika chache na jambo la kusimulia. Wa kawaida humpa ushahidi, kwa kuwa huja leo, kesho na mwakani, na siku anapoacha kuja, kutokuja kwake ni habari. Tunampuuza kwa sababu tunaamini mambo mawili: kwamba tayari tunamjua, na kwamba wingi wake unamlinda. Yote mawili hayasimami yakichunguzwa.

Tuanze na lawama ya ulafi, maana ndiyo inayosikika zaidi. Tetere hatui kwenye kibomba cha mbegu na kuchomoa moja moja kama wafanyavyo ndege wadogo. Miguu yake mifupi na mwili wake mzito vinafaa kutembea ardhini au juu ya sahani pana, naye hupenda kuokota kilichodondoshwa na wengine. Akianza kula, hudonoa harakaharaka bila kupumzika, habangui ganda, humeza mbegu nzimanzima. Baada ya hapo huruka hadi kwenye tawi au waya wa umeme na kukaa kimya kwa muda mrefu, na mwenye nyumba husema kashiba, sasa kasinzia. Lakini ukimtazama vizuri utaona kifua kimetuna kuliko kilivyokuwa alipofika. Mbegu bado hazijafika tumboni. Zimejazwa kwenye mfuko wa kooni, ambao ni ghala la muda. Kutoka hapo zitateremshwa kidogokidogo hadi kwenye firigisi, zisagwe kwa msaada wa changarawe alizomeza. Ghala hilo ni kubwa: katika mfuko wa tetere mmoja wa aina hii zilipata kuhesabiwa mbegu 17,200 za majani. Sababu yake inaeleweka mtu akikumbuka kwamba ardhini ndipo penye paka, na ndipo kipanga anapopenda kushambulia. Ndege anayejaza ghala kwa dakika chache na kwenda kumeng'enya chakula mahali pa juu hujiweka hatarini kwa muda mfupi zaidi. Kwa siku nzima hula kiasi cha asilimia 12 hadi 20 ya uzito wake. Kwa tetere wa gramu 120, hiyo ni takriban gramu 14 hadi 24 za mbegu, kiasi kisichojaza kiganja cha mtu mzima. Kinachoitwa ulafi, kwa hiyo, ni namna ya kujihami, na aliyeondoka dirishani ndege aliporuka ameikosa nusu ya pili ya maelezo.

Hali ni hiyohiyo kwa mambo mengine ambayo ndege huyu huyafanya hadharani kila siku. Weka beseni la maji karibu na sahani ya nafaka. Kuku, shomoro na ndege wengi huteka maji kwa mdomo, kisha huinua kichwa ili yateremke kooni. Tetere, pamoja na jamaa zake wa familia ya njiwa, huzamisha mdomo na kufyonza mfululizo, kichwa kikiwa chini, mpaka kiu iishe. Anayekula karibu mbegu kavu tupu anahitaji maji mengi, na mahali pa kunywea ndipo adui anapovizia, kwa hiyo kunywa haraka ni faida. Mtazame pia anavyotembea. Jicho la haraka huona kichwa kikienda mbele na kurudi nyuma. Jicho lenye subira, au simu inayopunguza kasi ya video, huona jambo jingine: kichwa husukumwa mbele, kisha husimama palepale hewani huku mwili ukikifuata, kisha husukumwa mbele tena. Mwaka 1978, Barrie Frost wa Chuo Kikuu cha Queen's nchini Kanada aliwatembeza njiwa juu ya mkanda unaozunguka, wakawa wanapiga hatua bila kusogea, na vitu vilivyowazunguka havikuwapita. Vichwa vikaacha kuchezacheza. Ikadhihirika kwamba mchezo ule hautokani na mwendo wa miguu. Unatokana na macho. Ndege hukituliza kichwa ili anachokiona kisivurugike, na katika mtuo huo mfupi ndipo anapoweza kuitambua mbegu, au paka anayenyemelea.

Kuna pia mluzi unaosikika tetere mwombolezaji anaporuka. Wasiomjua hudhani ni sauti ya koo, kumbe ni mabawa. Kwa muda mrefu ingewezekana kusema kwamba kelele hiyo ni matokeo tu ya manyoya kukata hewa, lakini kwa jamaa yake mmoja wa Australia, njiwa mwenye kishungi, jambo hilo limepimwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia walionyesha mwaka 2017 kwamba unyoya wa nane wa bawa, ambao ni mwembamba isivyo kawaida, hutoa sauti maalumu, na kwamba ndege anapokurupuka kwa hofu sauti hiyo huenda mbio kwa sababu mabawa yanapigwa kwa kasi. Njiwa waliochezewa rekodi ya mruko wa hofu walitimka. Walipochezewa rekodi ya ndege walioondolewa unyoya ule, wengi hawakuruka. Anayewatazama tetere kwenye kilishio chake anaweza kulifuatilia swali hilohilo kwa macho na masikio: mmoja anapoondoka polepole, wenzake hufanya nini? Na anapokurupuka? Hakuna haja ya maabara kuanza kuona tofauti. Kinachohitajika ni ndege wengi wa aina moja, wanaokuja mahali pamoja, mara nyingi. Ndege adimu hawezi kutoa nafasi hiyo.

Wingi wenyewe nao una maelezo yake, na maelezo hayo yanaanzia kooni tena. Ndege wengi wanaokula mbegu hulazimika kuwatafutia makinda wadudu, kwa sababu kinda hawezi kukua kwa nafaka kavu pekee. Familia ya njiwa imepata njia nyingine. Mayai yanapokaribia kuanguliwa, homoni iitwayo prolaktini, ileile inayohusika na maziwa ya mama kwa binadamu, huufanya ukuta wa mfuko wa kooni utoe chakula laini kama jibini, chenye mafuta na protini tele. Dume hukitoa sawasawa na jike. Hivyo mbegu zinazookotwa chini ya kilishio hugeuka kuwa chakula cha mtoto, na wazazi hawabanwi na msimu wa wadudu. Hutaga mayai mawili, huyaatamia kwa takriban siku 14, dume akishika zamu ya mchana na jike ya usiku, na katika majimbo yenye joto jozi moja yaweza kulea hadi mara sita kwa mwaka. Mtazamaji makini huliona hilo bila kukisogelea kiota: jozi iliyozoea kufika pamoja ikianza kufika mmoja mmoja, huenda kuna mayai mahali karibu. Ndiyo maana ndege huyu anaweza kuwindwa kwa mamilioni kila mwaka nchini Marekani, kuliko ndege mwingine yeyote wa pori, na bado akabaki mmoja wa ndege wanaoonekana zaidi bara zima.

Hapa ndipo imani ya pili inapoingia: kwamba aliye tele hahitaji mlinzi. Bara hilohilo lilikwisha kuijaribu imani hiyo kwa jamaa wa tetere huyu, yaani njiwa msafiri. Wataalamu hukadiria kwamba Wazungu walipofika Amerika walimkuta akiwa na idadi ya bilioni 3 hadi 5. Makundi yake yalikuwa makubwa kiasi kwamba yalipopita yalifunika jua kwa saa nyingi. Katika karne ya 19 telegrafu iliwajulisha wawindaji mahali kundi lilipotua, na reli ikawapeleka huko na kurudisha mapipa ya nyama mijini. Njiwa msafiri alizaa katika makoloni makubwa, yai moja kwa kiota, na makoloni yalipovurugwa mwaka baada ya mwaka hakuweza kufidia waliouawa. Wa mwisho aliyejulikana, jike aliyeitwa Martha, alikufa tarehe 1 Septemba 1914 katika bustani ya wanyama ya Cincinnati. Ni kweli kwamba tetere mwombolezaji hafanani naye kwa maisha. Viota vyake vimetawanyika, huzaa mara nyingi, na anapenda mashamba na miji ambayo binadamu huijenga. Hakuna anayedai kwamba atafuata njia ileile kesho. Lakini kisa cha njiwa msafiri kinafundisha jambo lisilotegemea aina ya ndege: wingi wa leo hausemi lolote kuhusu mwelekeo. Ndege bilioni moja wanaoongezeka na ndege bilioni moja wanaopungua wanaonekana sawasawa kwa mtu anayetazama mara moja.

Anayesema kwamba kisa hicho ni cha kale, cha enzi za bunduki na mapipa, amtazame tetere wa Ulaya, Streptopelia turtur. Huyu hakai katika makoloni. Hulea mara kadhaa kwa msimu na hula mbegu za magugu mashambani, na zamani alisikika katika vijiji vingi vya Uingereza kila kiangazi baada ya kurudi kutoka Afrika kusini mwa Sahara. Tangu miaka ya 1970 idadi yake nchini humo imeshuka kwa zaidi ya asilimia 90, na mwaka 2015 aliwekwa kwenye orodha ya kimataifa ya ndege walio hatarini. Watafiti walipolinganisha miaka ya 1960 na ya 1990 waligundua kwamba kila jozi ilikuwa inajaribu kuzaa karibu nusu tu ya mara za zamani, wakati ambapo magugu aliyoyategemea yalikuwa yametoweka mashambani kwa dawa na kilimo kipya. Uwindaji katika njia yake ya safari ulimwongezea mzigo, ndiyo maana Ufaransa na Hispania ziliusitisha mwaka 2021. Na hayo hayako kwa ndege mmoja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba Marekani na Kanada zimepoteza karibu ndege bilioni 3 tangu 1970, sawa na takriban asilimia 29, na sehemu kubwa ya pengo hilo ni ndege wa kawaida ambao hakuna aliyedhani wanahitaji kuangaliwa.

Pengo hilo lilijulikanaje? Kwa kuhesabu, na sehemu ya hesabu za namna hii hufanywa na watu wasio wataalamu. Mwaka 1976, kituo cha ndege cha Long Point katika jimbo la Ontario, Kanada, kilianza kuwaomba wenye vilishio waandike wanachokiona majira ya baridi. Kuanzia mwaka 1987 kilishirikiana na maabara ya ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, na kazi hiyo ikaenea bara zima kwa jina la Project FeederWatch. Kanuni yake ni rahisi lakini ina akili. Mtu huchagua siku mbili zinazofuatana, hutazama kwa kadiri awezavyo, na kwa kila aina ya ndege huandika idadi kubwa kabisa aliyoiona kwa mpigo mmoja. Kama tetere wanne walikuwa sahanini asubuhi na sita jioni, huandika sita, wala si kumi, kwa kuwa wale wanne huenda wamo ndani ya wale sita. Mtu asiyejua kanuni hiyo angejumlisha kila mruko na mwisho wa siku angekuwa na tetere 40 ambao kwa kweli ni jozi tatu zinazorudi. Siku asipoona ndege, anatakiwa kuandika hivyo pia.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hesabu hizi ni kwamba mikono yake haina mafunzo. Ni pingamizi la haki, na historia inalo jibu lenye pande mbili. Mwaka 1974 tetere mwenye mkufu mweusi nusu shingo, asili yake Asia na kusini mashariki mwa Ulaya, alitoroka kwa mfugaji mmoja mjini Nassau, Bahamas. Ndege wachache waliotoroka walizaliana, wakavuka bahari hadi Florida, na kwa miaka kadhaa waliandikwa kimakosa kuwa tetere wa kufugwa waliotoroka, ambao hufanana nao sana. Kosa hilo lilifanywa na wajuzi pia. Upande wa pili ni kwamba, baada ya kutambuliwa katika miaka ya 1980, kuenea kwao karibu Marekani nzima kuliweza kufuatiliwa jimbo kwa jimbo kwa sababu maelfu ya watu walikuwa tayari wanaandika tetere wao wa kila siku. Wengi walihofia kwamba mgeni huyu angewafukuza tetere wa asili. Mwaka 2010 watafiti waliochambua hesabu za vilishio walikuta kwamba mahali alipo mgeni, tetere wa asili kwa kawaida walikuwa wengi zaidi, wala si wachache. Dhana ya kila mtu ilipimwa kwa daftari za watu wa kawaida na ikakosa ushahidi. Makosa ya mtu mmoja mmoja huzidiwa nguvu na wingi wa daftari, na taarifa isiyo ya kawaida hurudishwa kwa mwandishi ili atoe picha au maelezo. Kasoro inayobaki ni kwamba kilishio huonyesha bustani za watu na majira ya baridi tu, ndiyo maana wanasayansi huzilinganisha hesabu hizo na nyingine, kama ule uchunguzi wa ndege wanaozaliana kando ya barabara ulioanza Marekani mwaka 1966.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba kilishio chenyewe huwadhuru wanaotazamwa. Tetere na njiwa hubeba kimelea cha seli moja kiitwacho Trichomonas gallinae, ambacho huishi kooni na hupita kutoka mzazi hadi kinda kwa chakula cha mfuko wa kooni, na kutoka ndege hadi ndege kwa maji na nafaka zilizolowa mate. Njiwa wengi hukibeba bila kuugua. Wengine hawana bahati hiyo: kuanzia mwaka 2005 kimelea hicho kiliwaua chiriku kijani wengi sana Uingereza, na vilishio vinavyokusanya ndege mahali pamoja vilihusishwa na maambukizi. Katika mji wa Tucson, Arizona, kipanga wa Cooper alijenga viota mijini kwa sababu tetere ni tele, na tetere walikuwa zaidi ya nusu ya mawindo yake, lakini makinda yake mengi yalikutwa na ugonjwa huo na mengi yakafa. Wahenga walisema dua la kuku halimpati mwewe. Ugonjwa wa tetere humpata. Tena kuna vioo. Tetere anayekimbia kipanga hugonga dirisha, na kwa kuwa manyoya yake hutoa unga mwingi mwepesi, huacha kwenye kioo chapa nzima ya mwili wake, mabawa yakiwa wazi.

Mambo haya hayakanushiki, na anayesema kulisha ndege ni wema mtupu hajasoma ya kutosha. Ila yanachodai ni utunzaji, hayadai tuache. Kilishio kioshwe kila baada ya wiki mbili hivi, kwa sehemu moja ya dawa ya klorini katika sehemu tisa za maji, kikaushwe kabisa kabla ya kujazwa. Nafaka iwe ya kumalizika siku hiyohiyo, maji yabadilishwe kila siku, na akionekana ndege aliyevimba manyoya, anayemeza kwa shida au anayedondosha chakula, kila kitu kiondolewe kwa wiki kadhaa ili ndege watawanyike. Kilishio kiwekwe ama karibu sana na dirisha, chini ya mita moja, ili ndege asipate kasi ya kumwumiza, ama mbali nalo, zaidi ya mita kumi. Kuhusu hofu kwamba ndege watasahau kujitafutia, utafiti wa mwaka 1992 huko Wisconsin uliwafuata ndege wadogo waliokuwa wamezoea vilishio kwa miaka mingi. Vilipoondolewa, waliendelea kuishi kama wenzao ambao hawakuwahi kulishwa. Hao hawakuwa tetere, kwa hiyo matokeo yasivutwe kupita kiasi, lakini hofu hiyo haina haki ya kuchukuliwa kama jambo lililothibitishwa. Na liko jambo ambalo wapingaji hulisahau: madhara ya vilishio kwa chiriku kijani yalijulikana kwa sababu watu waliokuwa wakiwatazama kwenye bustani zao waliripoti vifo na upungufu. Kutazama ndiko kulikofichua kosa la kulisha.

Msomaji wa Dodoma, Mombasa au Bujumbura anaweza kuwa na pingamizi lake mwenyewe: kununua nafaka kwa ajili ya ndege wa pori ni starehe ya wenye nacho. Ana haki, na habari njema ni kwamba hana haja ya kununua. Uwanja ambao mchele umepepetwa huacha chenga za kutosha. Palipopurwa mtama tetere hufika bila kualikwa, na mara nyingi huokota zilizomwagika chini. Mwizi mkubwa wa masuke yaliyosimama ni kwelea, na haifai tetere kubeba lawama yake. Beseni la maji safi kivulini wakati wa kiangazi huita ndege kuliko nafaka. Jambo moja tu lizingatiwe: tetere na njiwa wanaweza kubeba kideri, ambacho baadhi ya wafugaji hukiita mdondo, kwa hiyo nafaka na maji ya ndege wa pori visiwekwe mahali kuku wanapokula. Na walio nje ya mlango wanatosha kumshughulisha mtu. Tetere anayesikika alfajiri karibu kila mahali Afrika Mashariki ana nusu pete nyeusi nyuma ya shingo. Mwenzake mdogo, anayepatikana kuanzia Dodoma na Nairobi hadi Muscat, hana pete hiyo. Ana kifua cha rangi ya kutu chenye vidoa vyeusi. Pugi ni mdogo zaidi, hupenda vichaka, ana vidoa vinavyong'aa kwenye bawa, na anaporuka bawa hufunguka rangi ya hudhurungi. Ninga, wa kijani, hatakuja kwenye chenga kwa sababu yeye hula matunda, hasa tini za mwituni. Mtu aliyekuwa akisema "njiwa tu" ana ndege wanne wa kutenganisha kabla hajatoka uani.

Kuandika alichokiona nako hakuhitaji chuo kikuu. Programu ya eBird, iliyoanzishwa mwaka 2002 na ambayo ni ya bure, hupokea orodha kutoka nchi yoyote. Kenya ina ramani yake ya ndege inayojazwa na wananchi, na Tanzania ina atlasi ya ndege iliyoanza miaka ya 1980. Kila Februari kuna siku nne za hesabu ya ndege wa uani, ambayo tangu mwaka 2013 ni ya dunia nzima, na kushiriki kunataka dakika 15 tu za kutazama mahali pamoja. Kinachopokelewa ni aina, idadi, mahali na saa. Wengi huona aibu kupeleka orodha yenye tetere wawili na kunguru mmoja, wakidhani wanachafua kazi ya wataalamu kwa vitu visivyo na thamani. Orodha hiyo ndiyo ngumu kupatikana. Wageni wanaokuja kutalii hutazama korongo, tai na ndege wasiopatikana kwao, na kazi ya kusema ni tetere wangapi walikuwa kwenye kiwanja cha Kigoma mwezi Machi inamngoja anayeishi Kigoma.

Basi hoja ya kumtazama tetere haitegemei uzuri wake, ingawa shingo yake hung'aa kijani na waridi jua likimpiga ubavuni. Inategemea jinsi ujuzi unavyopatikana. Tulichokijua kuhusu kichwa kinachotulia hewani, unyoya unaopiga mluzi, mgeni aliyedhaniwa mharibifu na kimelea kinachohamia kwa kipanga kilipatikana kwa sababu kulikuwa na ndege wengi wa kutosha kutazamwa tena na tena, na watu wa kutosha waliokuwa tayari kuandika mambo yasiyoshangaza. Njiwa msafiri hakuhesabiwa kwa utaratibu alipokuwa tele, na hadi leo idadi yake hutajwa kwa kukadiria, kati ya bilioni 3 na 5, tofauti ya ndege bilioni mbili ambao hakuna ajuaye kama walikuwapo. Tetere wa Ulaya alihesabiwa, ndiyo maana upungufu wake una tarehe, una sababu na una hatua zilizochukuliwa. Anayeanza kuhesabu siku ambayo ndege wameshaadimika atakuwa na namba moja isiyo na ya kulinganisha nayo. Wakati unaofaa kuanza ni huu, wakati bado wako wengi kiasi cha kuchosha.